Je, Wajua? Jaribio la Tiba ya Viungo Hufa au Hupona Kabla ya Mgonjwa wa Kwanza

Kwenye mzunguko wa Makupa, Mombasa, malori ya bandarini, matatu, tuktuk na bodaboda hugombea njia ile ile ya kuingia na kutoka kisiwani. Anayevunjika mguu hapo, na jirani yake wa Majengo aliyeamka asubuhi mkono umekataa kunyanyuka kwa sababu ya kiharusi, hatimaye hukutana katika chumba kimoja: chumba cha mazoezi ya viungo. Mna mipira, kamba, vyuma vya kushikilia na mtaalamu mmoja mwenye foleni ndefu. Lakini mazoezi yepi humo husaidia kweli? Na tutajuaje bila kuwapotezea wagonjwa nauli na muda? Twende mbio.

KWA NINI TUPIME?

1. Je, wajua kwamba takribani mtu 1 kati ya kila 3 duniani ana tatizo la kiafya ambalo tiba ya kurejesha uwezo wa mwili ingeweza kulipunguza? Hesabu iliyochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Lancet ilikadiria watu bilioni 2.41 kwa mwaka 2019. Maumivu ya mgongo ndiyo yaliyoongoza.

2. Kenya ilipopima afya ya watu wazima wa miaka 18 hadi 69 nchi nzima mwaka 2015, karibu 1 kati ya 4 alikutwa na presha. Presha ndiyo mlango mkuu wa kiharusi, na kiharusi ni miongoni mwa maradhi yanayojaza vitanda vya mazoezi.

3. Jirani zetu Watanzania walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika jamii kati ya 2003 na 2006. Baada ya kusawazisha umri, Hai iliyo chini ya Kilimanjaro ilipata takribani 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam ilipata takribani 316. Wakaazi wa miji ya Pwani wana haki ya kushtuka.

4. Je, wajua kwamba mwili hujitengeneza wenyewe kwa kiasi kikubwa? Utafiti wa Copenhagen uliowafuatilia wagonjwa wa kiharusi zaidi ya 1,000 ulionyesha mwaka 1995 kwamba asilimia 95 walifikia kilele cha uwezo wao wa shughuli za kila siku ndani ya wiki 12 na nusu. Kwa hiyo mtu akikwambia, "Niliwakanda wagonjwa 30 kwa miezi mitatu na wote wakaendelea vizuri," muulize: wangapi wangeendelea vizuri hata wasingekandwa? Bila kundi la kulinganisha, sifa za maumbile hupewa mkandaji.

5. Kampala, watafiti wa Mulago walichapisha mwaka 2017 matokeo ya mazoezi ya wiki 6 kwa watu 34 ambao mapafu yao yaliharibiwa na kifua kikuu. Walitembea umbali mrefu zaidi kuliko mwanzo. Utafiti huo haukuwa na kundi la kulinganisha, wala haukudai kuthibitisha tiba. Kazi yake ilikuwa kuonyesha kwamba mpango huo unatekelezeka Afrika Mashariki kabla pesa nyingi hazijatumika. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya jaribio lenye akili.

KURA, SI UPENDELEO

6. Jaribio mashuhuri la kale la kulinganisha tiba lilifanyika baharini. Mwaka 1747, daktari James Lind aliwagawa mabaharia 12 waliokuwa wagonjwa wa kiseyeye katika jozi 6, kila jozi na tiba yake. Waliopewa machungwa na malimau ndio walioinuka upesi. Watu 12 tu! Walitosha kwa sababu tofauti ilikuwa kubwa mno. Tiba ya viungo haina bahati hiyo: faida zake huwa za wastani, kwa hiyo huhitaji watu wengi zaidi.

7. Mwaka 1948, Uingereza ilichapisha jaribio la dawa ya streptomaisini kwa wagonjwa 107 wa kifua kikuu. Kilicholifanya liwe kielelezo ni mgawanyo: nambari za kubahatisha ziliamua nani apate dawa, na daktari hakujua mapema mgonjwa anayefuata ataangukia wapi.

8. Je, wajua kwamba bahasha inaweza kuharibu utafiti? Fikiria mtaalamu ameshika bahasha ya mgonjwa wa kumi na moja, akaielekeza kwenye dirisha na kusoma "mazoezi mapya" kupitia karatasi nyepesi. Mbele yake kuna mzee dhaifu. "Huyu tumuache, aje kijana yule." Hakukusudia ubaya, ila amekwisha kuijaza timu moja kwa wenye nguvu. Uchunguzi wa majaribio 250 uliochapishwa mwaka 1995 ulikuta kwamba pale siri ya kura isipotunzwa, faida ya tiba hukuzwa kwa takribani asilimia 41. Dawa yake ni rahisi: bahasha nzito isiyoonyesha ndani, au kupiga simu kwa mtu wa mbali anayetunza orodha.

9. Makundi madogo yanaweza kuegemea upande mmoja hata kura ikipigwa kwa haki: wazee wote huku, vijana wote kule. Ndiyo maana kura hupigwa kwa mafungu: wagonjwa wazito kivyao, wepesi kivyao. Haigharimu shilingi, na hesabu za mwisho hutulia.

WANGAPI WANATOSHA?

10. Kuna kanuni fupi ya kukadiria idadi ya watu. Chukua mtawanyiko wa matokeo, ugawe kwa tofauti unayotaka kuiona, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha zidisha kwa 16. Tuseme umbali wa kutembea kwa dakika 6 hutawanyika kwa mita 100, na wewe wataka kuona faida ya mita 50. Jibu: watu 64 kila kundi.

11. Ukitaka kuona faida ya mita 25 badala ya 50, watu hawawi 128. Wanakuwa 256 kila kundi! Ukipunguza nusu ya tofauti unayoitafuta, watu huongezeka mara nne. Hapo ndipo majaribio mengi ya viungo huzama: waandaaji hutarajia muujiza ili hesabu iwape watu wachache, na muujiza hauji.

12. Sasa habari njema. Kumpima kila mgonjwa kabla ya kuanza, na kukitia kipimo hicho katika hesabu ya mwisho, hupunguza idadi inayohitajika. Kipimo cha mwanzo na cha mwisho vikiwiana kwa 0.7 (1 ni kuwiana kabisa), wale 64 hushuka hadi karibu 33. Nusu ya gharama imeondoka kwa kupima mapema tu.

13. Wagonjwa hupotea. Mmoja amehamia kwa mwanawe Likoni, mwingine nauli imemshinda, wa tatu Ramadhani imeingia na hataki kutoka mchana. Ukihitaji watu 100 mwishoni na wajua 20 kati ya kila 100 watapotea, andikisha 125. Bora zaidi, zuia wasipotee: rudisha nauli kwa M-Pesa, mfuate mgonjwa nyumbani, panga miadi kabla ya mfungo. Kila anayebaki ni mgonjwa mpya ambaye hukulazimika kumtafuta.

14. Je, wajua hatari ya kuamini jaribio dogo? Mwaka 2011, jaribio la Ufaransa lenye wagonjwa 118 wa kiharusi lilitangaza kwamba fluoksetini, dawa ya sonona, husaidia mkono na mguu kurudisha nguvu. Dunia ikafurahi. Kisha yakaja majaribio matatu makubwa: moja Uingereza, moja Sweden, na moja lililounganisha Australia, New Zealand na Vietnam. Jumla yao ilikuwa wagonjwa 5,907. Uwezo wa kujitegemea haukuongezeka. Kilichoongezeka ni mivunjiko ya mifupa.

15. Hayo matatu yana funzo jingine. Yalitumia mpango mmoja wa utafiti tangu mwanzo, ili matokeo yaweze kujumlishwa. Mombasa, Kilifi, Tanga na Zanzibar zikikubaliana mapema kupima vitu vile vile kwa siku zile zile, hospitali nne zenye wagonjwa 50 kila moja zinakuwa jaribio moja la 200. Zisipokubaliana, zinabaki ripoti nne za kupamba kabati.

KIPIMO NI KIPI?

16. Kipimo mashuhuri cha matokeo ya kiharusi kilitokana na kazi ya daktari John Rankin wa Glasgow, mwaka 1957. Siku hizi huanzia 0, yaani hana dalili yoyote, hadi 6, yaani amefariki. Watafiti wengi hukikata vipande viwili, "vizuri" na "vibaya", na hapo hutupa habari nyingi. Mgonjwa aliyetoka kulala kitandani siku nzima hadi kutembea akishikiliwa amepiga hatua kubwa, lakini kwa mkato huo bado yumo kwenye "vibaya". Kutumia ngazi zote huliwezesha jaribio kuona zaidi kwa watu wale wale.

17. Kipimo cha Barthel cha mwaka 1965 kinauliza mambo 10: kula, kuoga, kuvaa, kupanda ngazi na mengineyo, alama 0 hadi 100. Hakiulizi kama unaweza kusujudu. Mzee wa Makupa anayeswali ameketi kwenye kiti msikitini, huku wenzake wakishuka hadi chini, anaweza kupata 100 kamili na bado akajiona hajapona. Wala hakiulizi juu ya choo cha kuchuchumaa.

18. Je, wajua kuna suluhisho la hilo tangu mwaka 1968? Mgonjwa na mtaalamu wake hukubaliana lengo kabla ya tiba, kisha matokeo hupewa alama kuanzia -2 hadi +2. Sifuri ni kufikia lengo lile lile waliloliweka. Lengo la huyu ni sijida, la yule ni kushuka kwenye tuktuk bila kushikwa, la mama mwingine ni kusuka ukili. Malengo ni tofauti, alama ni za aina moja, na jaribio linaweza kuyajumlisha.

19. Kipimo cha bei nafuu kuliko vyote: kiti, mita 3 na simu yenye saa. Mgonjwa ainuke, atembee mita 3, ageuke, arudi, aketi. Kilichapishwa mwaka 1991 na bado kinatumika dunia nzima. Weka alama sakafuni kwa chaki na usiibadilishe: mita 3 za leo zikiwa mita 4 kesho, umepima chaki.

20. Katika jaribio la dawa, mgonjwa anaweza kupewa kidonge bandia asijue. Katika mazoezi haiwezekani: kila mtu anajua kama amenyooshwa mguu au la. Basi anayefichwa ni mpimaji. Aje mtu ambaye hakuwatibu wagonjwa, asiambiwe nani ni wa kundi gani, na wagonjwa waombwe wasimwambie.

YALIYOWASHANGAZA WAKUBWA

21. Je, wajua kwamba kumwinua mgonjwa wa kiharusi mapema na kwa nguvu kunaweza kumdhuru? Jaribio la AVERT, lililoongozwa kutoka Melbourne na mtafiti Julie Bernhardt, lilihusisha wagonjwa 2,104 katika hospitali 56 za nchi 5. Mwaka 2015 likatangaza: walioanza mapema sana na kwa wingi walipata matokeo mazuri kwa asilimia 46, waliopata huduma ya kawaida, asilimia 50. Wengi waliamini kinyume chake.

22. Hadithi haikuishia hapo. Uchambuzi uliofuata ulidokeza kwamba vipindi vifupi vya mara kwa mara vina heri kuliko vipindi virefu. Ndipo likaundwa jaribio jipya, AVERT DOSE, linalolinganisha viwango kadhaa vya mazoezi kwa pamoja na kuviacha njiani vinavyobaki nyuma. Badala ya kufanya majaribio manne, moja baada ya jingine, kwa miaka ishirini, yote yanaingia chini ya paa moja.

23. India iliuliza swali linalotuhusu sana: jamaa wakifundishwa kumfanyisha mgonjwa mazoezi nyumbani, je, inatosha? Jaribio la ATTEND liliwaingiza wagonjwa 1,250 katika hospitali 14. Baada ya miezi 6, asilimia 47 ya kila kundi walikuwa wamefariki au wanategemea watu. Hapakuwa na tofauti. Hii haina maana kwamba mke au binti anayemnyoosha mzee anapoteza muda wake. Maana yake ni kwamba mpango ule, kwa kipimo kile, haukuongeza kitu juu ya huduma iliyokuwapo. Serikali inayotaka kuwabebesha jamaa kazi ya mtaalamu haina budi kulisoma.

24. Roboti nazo? Uingereza ilizijaribu kwa wagonjwa 770 waliolemaa mkono baada ya kiharusi. Matokeo ya mwaka 2019: roboti hazikuushinda utunzaji wa kawaida katika kurudisha utendaji wa mkono. Hospitali ya kaunti isiyo na roboti isijione maskini.

25. Kilichofaulu ni glavu. Marekani, watu 222 wenye mkono dhaifu walipigiwa kura. Wa kundi la tiba walivaa glavu nene kwenye mkono mzima hadi asilimia 90 ya muda wao wa kuwa macho, kwa wiki 2, ili mkono mgonjwa ulazimike kufanya kazi. Mwaka 2006 ilitangazwa kwamba walipata nafuu kubwa kuliko wenzao. Hebu fikiria kwetu, ambako mkono wa kulia ndio wa kula: aliyepooza wa kulia hana haja ya kubembelezwa kuurudisha kwenye sahani.

MBINU ZA KUBANA MATUMIZI

26. Maswali mawili kwa bei ya moja: wagonjwa wagawanywe makundi manne. La kwanza lipate mazoezi ya nguvu, la pili mazoezi ya usawa, la tatu yote mawili, la nne huduma ya kawaida. Kila mgonjwa anajibu maswali mawili kwa mpigo, mradi tiba hizo zisiingiliane.

27. Mtu mmoja kujaribu tiba zote mbili kwa zamu hupunguza watu, lakini kwa viungo ni mtego. Aliyejifunza kutembea mwezi wa kwanza hasahau mwezi wa pili. Mbinu hiyo inafaa kwa kulinganisha fimbo mbili za kutembelea. Haifai kwa mafunzo.

28. Ukipiga kura kwa wodi au zahanati nzima, wagonjwa wa sehemu moja hufanana kidogo. Kwa wagonjwa 20 kila zahanati na mfanano wa 0.05 tu (1 ni kufanana kabisa), unahitaji karibu mara mbili ya watu. Usiichague njia hiyo kwa urahisi wake. Ichague pale ambapo wagonjwa wa kundi moja wangewaambukiza wenzao mazoezi.

29. Je, wajua kwamba Afrika ndiyo iliyotoa mfano mashuhuri wa kuingia kwa zamu? Gambia, kuanzia mwaka 1986, chanjo ya homa ya ini aina ya B iliingizwa eneo baada ya eneo, hadi nchi nzima ikaenea. Kila eneo lilipata; kura iliamua zamu tu. Mashariki mwa Uganda, huko Iganga na Mayuge, mpango wa Akwenda kwa watoto na vijana wenye mtindio wa ubongo nao uliwapa wengine huduma mapema na wengine baadaye. Pale ambapo kumnyima mtoto kabisa ni aibu, foleni yenye utaratibu inakuwa kundi la kulinganisha.

30. Haraka si lazima iwe na pupa. Jaribio la RECOVERY la Uingereza lilianza kuandikisha wagonjwa wa korona Machi 2020, na Juni 16 mwaka huo huo likatangaza kwamba deksamethasoni inaokoa maisha. Siri yake: fomu fupi, rekodi za hospitali zilizokuwapo tayari, na tiba kadhaa chini ya mpango mmoja.

31. Na kujua kusimama ni sehemu ya ubora. Jaribio la FEAST, lililokuwa na Kilifi miongoni mwa vituo vyake vya Kenya, Uganda na Tanzania, lilipima kuwapa haraka maji ya mshipa watoto mahututi wenye homa. Kamati huru iliyochungulia takwimu ilishauri lisimamishwe Januari 2011, likiwa na watoto 3,141. Vifo vya saa 48 vilikuwa takribani asilimia 10.5 kwa waliopewa maji hayo haraka, na 7.3 kwa ambao hawakupewa. Jambo lililoonekana la busara duniani kote lilikuwa linaua, na jibu likatoka kwetu.

KABLA HUJATIA SAHIHI

32. Afrika ina daftari lake la majaribio ya kitabibu, lenye makao Cape Town, na mtu yeyote anaweza kulisoma bure. Jaribio halali huandikwa hapo au kwenye daftari jingine linalotambuliwa kabla ya mgonjwa wa kwanza. Kenya, utafiti huhitaji pia idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi.

33. Tangu 1999, Sydney kuna hazina ya mtandaoni ya bure iitwayo PEDro, yenye tafiti zaidi ya 60,000 za fiziotherapia. Kabla ya kujaribu jipya, mtafiti huangalia kama halijajibiwa. Kurudia swali lenye jibu ni kula muda wa mgonjwa.

34. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo nchini Kenya husajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2014. Una haki ya kuuliza usajili wake, hata akiwa mtafiti.

Basi, msomaji wa Makupa, siku ukialikwa katika utafiti wa tiba ya viungo, uliza maswali matano kwa Kiswahili na usione haya. Nani ataamua niwe kundi gani? Nani atanipima, na anajua kundi langu? Mmehesabuje idadi ya watu? Nani atalipa nauli yangu? Na matokeo, mazuri au mabaya, nitaambiwa lini? Ukijibiwa yote matano waziwazi, ingia, ushiriki na umalize hadi kipimo cha mwisho. Ukizungushwa, chukua fomu yako urudi nyumbani. Hakuna anayeruhusiwa kukunyima matibabu kwa sababu hiyo.